Ubao wa Aliyekimbia ni Mali ya Nani?

Fundi asiye na meza hufanya kazi yake chini, na mgongo wake huzeeka kabla ya uso wake. Sisi tulio na karakana ndogo ya magari na pikipiki hapa Butembo twalijua jambo hilo katika miili yetu. Kwa miaka mingi tulifungua injini juu ya gunia lililotandikwa chini. Skrubu zikapotea vumbini, na mchanga ukaingia mahali ambapo mchanga ni sumu. Mwishowe tukakata shauri kujenga meza ya kazi, ndefu, nzito, yenye jiriwa mbele. Na kwa kuwa fedha zilikuwa haba, tukapatana kuijenga kwa makabati mabovu na mbao kuukuu, bila kununua hata ubao mmoja mpya.

Hatuandiki haya ili kujisifu kwa useremala, maana seremala wa kweli akiiona meza yetu atacheka. Twaandika kwa sababu katika kuijenga tulikutana na swali ambalo hatukulitazamia, wala hatukuweza kulimaliza kwa siku moja. Twadhani watu wengi wa Butembo na Beni wamekutana nalo sokoni, wakapita upande wa pili wa njia.

Tulianza na makabati. Ofisi moja ya mjini ilikuwa inahama, ikatoa nje makabati mawili ya kuwekea karatasi. Mlango mmoja ulikuwa umeng'oka, na droo zilikuwa hazitoki wala haziingii. Mwenyewe alisimama kizingitini akatuambia, “Chukueni, baba zangu, mnisaidie kusafisha.” Mwenye mali yupo, ana akili timamu, hakuna anayemlazimisha, naye anasema kwa kinywa chake. Tukayabeba kwa mkokoteni mioyo ikiwa myepesi.

Yafaa tuseme neno moja juu ya makabati, huenda likamsaidia mwingine. Kabati halikuumbwa kubeba injini. Mbavu zake ni nyembamba, na nguvu yake kubwa imo katika mgongo: ule ubao mwepesi wa nyuma, ambao wengi huung'oa wakidhani hauna kazi, ndio unaolizuia kabati lisilale upande. Sisi tuliupigilia upya kabla ya jambo lolote lingine. Kisha tukasimamisha nguzo nne za mkaratusi, zilizotoka katika paa la banda letu la zamani, ili uzito wa meza upite katika nguzo mpaka chini, na makabati yabaki na kazi yao ya kutunza spana na vyuma. Jiriwa tuliifunga juu ya nguzo, si juu ya kabati. Kimo cha meza tulikipima kwa mkono: mtu asimame wima, aache mkono uning'inie, na meza ifike kwenye kifundo cha kiganja chake. Kwetu ilikuwa sentimita 88. Sakafu yetu haikusawazika, basi tukaweka kabari chini ya mguu mmoja, na kabari hiyo iko hata leo.

Ikabaki sehemu ya juu, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Juu ya meza ya fundi hapataki ubao mwembamba. Ukipiga nyundo, ubao mwembamba unaruka, na nguvu yako inapotea bure. Twende basi kwa muuza mbao kuukuu. Kwake kuna mbao za namna mbili. Za kwanza ni za masanduku na vitako vya mizigo inayotoka bandari ya Mombasa, ikapita Uganda na kuingia kwetu kwa mpaka wa Kasindi. Za pili ni za nyumba: miimo, mapau, madirisha, milango. Mbao za nyumba ndizo zinazopendwa na mafundi, kwa maana zimekwisha kukauka miaka mingi chini ya paa. Ubao mbichi wa mkaratusi utaupiga randa leo ukae kama kioo, na baada ya miezi miwili utaukuta umejipinda kama ulimi wa mbuzi. Ubao wa zamani umekwisha kujipinda kadiri ya hamu yake, ukatulia. Hasara yake ni misumari. Msumari mmoja uliofichika huharibu makali ya randa kwa pigo moja; sisi tunautafuta kwa sumaku iliyotolewa katika spika mbovu, tukiipitisha polepole juu ya ubao mpaka ivute.

Tulikuwa tukiipitisha sumaku hiyo juu ya mlango mmoja mzito, wa mbao nyekundu za mwituni, mwenzetu mmoja alipotuonyesha chaki. Upande wa nje, karibu na bawaba ya juu, kulikuwa na tarakimu zimeandikwa kwa mkono wa haraka. Kila mzazi wa huku azijua. Watu wa chanjo ya polio wanapopita nyumba kwa nyumba huandika mlangoni, ili wanaokuja nyuma yao wajue kwamba watoto wa humo wamekwisha kupewa matone.

Tukamwuliza muuzaji, “Ndugu, mlango huu umetoka wapi?”

“Upande wa Beni, baba.”

“Beni mahali gani?”

“Kule mbele.”

“Na mwenyewe yuko wapi?”

“Mwenyewe si alikimbia.”

Alisema hivyo bila uovu wowote, kama mtu asemaye kwamba mvua ilinyesha. Yeye naye aliununua kwa utingo wa lori, na utingo kwa mtu mwingine.

Kwa msomaji aliye mbali na huku, tueleze kidogo. Tangu Oktoba 2014 watu wa wilaya ya Beni wamechinjwa vijijini na mashambani mwao, mara nyingi usiku, wengi wao kwa mikono ya waasi waitwao ADF, waliotoka Uganda zamani wakajificha katika misitu yetu. Barabara ya kutoka Oicha kwenda Eringeti, na ile ya kutoka Mbau kwenda Kamango, zimeona mazishi yasiyohesabika. Watu wakakimbilia Oicha, Beni mjini, Butembo na hata Uganda. Kisha mwaka 2024, Kanyabayonga ilipotekwa na M23 mwezi wa Juni, wengine wakaja kutoka kusini. Nyumba isiyolala mtu haikai muda mrefu. Kwanza mabati huondoka, halafu milango, halafu mapau, mwisho hubaki kuta za udongo, mvua izimalize. Anayeng'oa si muuaji daima. Mara nyingine ni jirani, mara nyingine mpita njia, mara nyingine mwenye silaha atakaye kuni za kupikia. Na mara nyingine ni mwenye nyumba mwenyewe, aliyerudi kwa siku moja kwa hofu, akang'oa mlango wake, akauuza ili watoto wale.

Mwenzetu wa kwanza alisema, “Ameuacha. Kitu kilichoachwa ni cha anayekiokota.” Neno hilo si la upuuzi, nalo ni la zamani sana. Mwaka 533 Kaisari Justiniano alitoa kitabu cha kuwafundishia vijana sheria za Kirumi, na kitabu hicho chakubali kwamba kitu ambacho mwenyewe amekitupa, akiwa hataki tena kiwe chake, chaweza kuwa mali ya yule anayekishika kwanza. Makabati yetu yalikuwa hivyo hasa.

Lakini kitabu kile kile hakikuishia hapo. Chazungumza habari ya merehani… la, tuseme ya wenye chombo, waliopatwa na tufani baharini, wakatupa shehena majini ili chombo kisizame. Je, mali hiyo imeachwa? Kitabu chajibu kwamba haikuachwa. Mwenye mali hakuitupa kwa kuwa haitaki. Aliitupa ili aokoe maisha yake. Kwa hiyo ingali mali yake, iwe yaelea juu ya mawimbi au imefika ufukoni, na anayeichukua akitaka kuifanya yake ni mwizi. Wavuvi wetu wa Kyavinyonge, katika Ziwa Edward, hawajasoma kitabu hicho, lakini mwulize mmoja wao aliyetupa nyavu zake katika dhoruba kama amemzawadia mtu. Utasikia jibu.

Tuliposikia mfano huo, sote tulinyamaza. Kwa maana ni nani aliye baharini katika tufani, kama si mama wa Mbau aliyesikia mlio wa risasi usiku, akafunga mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono, akapita katika mlango ule ule wenye chaki, asipate hata nafasi ya kuufunga? Aliutupa mlango kama baharia atupavyo shehena. Mguu wake uliondoka. Nia yake haikuondoka. Na wale tunaowajua, waliolala katika nyumba zetu hapa Butembo, hatujasikia hata mmoja akisema, “Nyumba yangu niliyokuwa nayo.” Wote husema, “Nyumba yangu.”

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliligusa jambo hili alipofundisha juu ya wizi. Afundisha kwamba mtu aliyeokota kitu akiwa na nia ya kumrudishia mwenyewe, huyo si mwizi. Wala si mwizi yule anayeamini kweli kwamba kitu kimeachwa. Neno zito hapa ni kuamini. Mtu wa mbali akiuona mlango umeegemezwa ukutani aweza kuamini hivyo. Mtu wa Butembo hawezi, isipokuwa ajitahidi sana kutokujua. Nasi twaona kwamba kujitahidi kutokujua ndiyo kazi kubwa inayofanyika katika masoko yetu. Hakuna anayedanganya, kila mmoja huacha tu swali moja bila kuliuliza, na ubao hupita kutoka mkono hata mkono, kila mkono ukidhani uko safi kidogo kuliko uliotangulia.

Labda msomaji aliyesoma sheria atasema kwamba sheria humlinda mnunuzi. Ni kweli kwa sehemu. Kitabu cha sheria cha Ufaransa cha mwaka 1804, ambacho Ubelgiji nayo ilikifuata, chasema kwamba katika vitu vinavyohamishika, aliye nacho mkononi huhesabiwa kuwa mwenyewe. Lakini aliyepoteza au kuibiwa amepewa miaka 3 ya kukidai. Sheria hiyo ina akili, maana biashara isingekwenda kama kila jembe lingeulizwa ukoo wake. Ila miaka 3 hiyo ilihesabiwa kwa mtu awezaye kutembea sokoni na kutazama. Aliyekimbia Mbau mwaka 2014 amekaa zaidi ya miaka 10 bila kukanyaga uwanja wake. Atadai nini, na kwa nani?

Mwenzetu wa pili alileta hoja iliyotusumbua zaidi. “Mchwa hawasomi sheria,” alisema. “Mkiuacha mlango huu, mwenyewe hataupata. Utapasuliwa kuni za kuchomea mikate, au utaoza. Heri ubao uwe meza kuliko uwe jivu.” Tulimwuliza muuzaji, naye akakubali kwamba mbao zisizonunuliwa huenda kwa wachoma mikate. Basi hoja ina nguvu. Kuokoa kitu kisipotee ni wema, na aliyekiokoa anastahili hata kurudishiwa gharama zake. Lakini angalieni jinsi hoja hii inavyoteleza. Yaanza kwa kuokoa mali ya mwingine, yaishia kwa kuikata msumeno iwe yangu. Anayemtoa mbuzi wa jirani mtoni amefanya vema. Akimchinja jioni hiyo kwa kuwa angekufa maji hata hivyo, twamwita nani?

Na wa tatu, kijana wetu anayejifunza kazi, asiyesema sana, alisema neno ambalo hatujalijibu mpaka leo. “Wazee wangu, pasipo mnunuzi hakuna mng'oaji.” Kijana ana haki. Lori halingebeba milango kama Butembo isingeinunua. Huenda nyumba nyingine iliyosimama bado huko imekwisha kupimwa kwa macho, kwa sababu mtu fulani amesikia kwamba mlango mwekundu una bei.

Tukafikiri: basi tuache mbao kuukuu, tununue mpya, tuwe safi. Loo! Mbao nzuri mpya hutoka katika misitu ya Mambasa na ya Beni, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekwisha kuandika katika ripoti zao jinsi vikundi vyenye silaha vilivyojipatia fedha katika biashara ya mbao za huku. Ubao mpya hauna chaki, ndiyo tofauti. Unaotulia moyoni ni mkaratusi wa mkulima wa Lubero, aliyeupanda mwenyewe na kuukata mwenyewe. Nasi siku hizi tunaununua huo, tukivumilia kujipinda kwake. Lakini si kila kazi yaupokea.

Walimu wa maadili wana kanuni juu ya mtu aliyekuwa na kitu kwa nia njema, kisha akaingiwa na shaka. Kanuni hiyo haimwambii akitupe siku ile ile. Yamwambia aulize, aulize kwa bidii inayolingana na thamani ya kitu. Na maadamu hajauliza, asikiharibu wala asikiuze. Akimpata mwenyewe, arudishe. Asipompata baada ya kutafuta kwa kweli, aweza kukaa nacho. Lakini anayenunua akiwa tayari ana shaka, huyo yuko mahali pengine. Hakuwa na nia njema hata kwa dakika moja. Sisi tulikuwa bado hatujanunua, na shaka tulikuwa nayo tele.

Basi tufanyeje? Tuliununua mlango. Hatujui kama tulifanya vema, na kijana wetu hakufurahi. Tuliununua kwa sababu ulikuwa pale, na moto wa mikate ulikuwa pale. Lakini tulipatana mambo mawili. La kwanza, hatutaukata. La pili, hatutanunua tena mbao za nyumba ambazo muuzaji hawezi kutuambia zimetoka kwa nani. Na ikiwa mwenyewe ndiye anayeuza kwa njaa, tusimpe bei ya njaa. Tulimwambia muuzaji hayo. Akacheka kwa upole, akasema mnunuzi hakosekani, na kesho yake madirisha yaliyokuwa karibu na ule mlango hayakuwapo.

Juu ya meza tukatumia mbao za masanduku. Ni nyembamba, kama sentimita 2 na nusu, basi tulizilaza tabaka mbili, za chini zikielekea urefu na za juu zikikatiza, tukazipaka gundi na kuzipigilia misumari kutoka chini, ili vichwa vya misumari visikutane na vyuma vyetu. Zikawa karibu sentimita 5. Si nzuri kwa macho. Mahali pawili maandishi ya Kichina yamebaki, na watoto huja kuuliza yasema nini. Lakini nyundo hairuki, na juzi tulilaza juu yake injini nzima ya lori dogo, meza isilie.

Mlango umesimama nyuma ya meza, umeegemea ukuta, na bawaba zake. Tumetia vipande viwili vya matofali chini yake kwa ajili ya unyevu na mchwa. Chaki hatukuifuta, ingawa yafifia kwa moshi. Habari yake tuliipeleka kwa wale wanaoandikisha majina ya wakimbizi mtaani, na kwa watu wa upande wa Oicha tunaowafahamu; nasi tukasema waziwazi kwamba hatudai kitu kwa atakayeutambua.

Wamekwisha kuja watu watatu. Wa kwanza alikuwa mlaghai. Alisema ni wake kabla hajauona. Wa pili aliutazama kwa mbali tu, akashukuru, akaenda. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa makamo, aliyetembea kwa miguu toka upande wa pili wa mji. Aliugeuza mwenyewe, hakutaka tumsaidie. Akatazama bawaba, akapitisha kidole mahali pa kitasa, akasema wake ulifungukia upande wa kushoto na ulikuwa na rangi ya buluu. Kisha akaomba maji ya kunywa, akaketi kidogo, akatuuliza kama tunatengeneza na baiskeli.